Kiti cha Butere na Kura ya Siri

Wapo wenzetu katika harakati za mageuzi ambao, kila wanapomtaja marehemu Martin Shikuku, hukusanya kushindwa kwake kote katika kapu moja na kukuita wizi. Hatukubaliani nao. Kiti cha Butere kilimtoka mara tatu, mwaka 1975, 1988 na 1997, na asiyezitenganisha mara hizo tatu bado hajaelewa tulipigania nini.

Shikuku aliingia Bungeni mwaka 1963 kwa tiketi ya KADU. Chama hicho kilijivunja mwaka uliofuata. Ulimi wa Shikuku haukuvunjika. Oktoba 1975 alilalamika Bungeni kwamba wako wanaotaka kuliua Bunge kama walivyokwisha kuiua KANU. Alipotakiwa athibitishe, Naibu Spika Jean-Marie Seroney, ambaye alikuwa mwanasheria, aliamua kwamba lililo dhahiri halihitaji uthibitisho. Siku chache baadaye wote wawili walikamatwa katika viwanja vya Bunge, wakawekwa kizuizini hadi Desemba 1978. Sheria ilimlinda mbunge kwa yale asemayo ndani ya Bunge, lakini kizuizini hakuna mashtaka, na pasipo mashtaka wakili hana la kujibu. Wapigakura wa Butere hawakuulizwa. Walipoulizwa mwaka 1979, walimrudisha.

Dhuluma ya 1988 ilikuwa ya hila zaidi, kwa maana ilivaa joho la uchaguzi. Katika mchujo wa Februari mwaka huo wanachama wa KANU walipangwa foleni hadharani nyuma ya wagombea, na aliyetangazwa kupata asilimia 70 alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. Viongozi wa makanisa chini ya NCCK walikuwa wamekwisha kuupinga utaratibu huo tangu 1986, na walikuwa na haki: mchungaji atasimamaje nyuma ya mwanasiasa mmoja Jumatatu, kisha Jumapili awalishe waliosimama nyuma ya mwingine? Sisi tunaongeza hoja ya kisheria. Foleni haitiwi katika sanduku. Watu wakishatawanyika, ushahidi umekwenda nao nyumbani, na jaji hana cha kuamuru kihesabiwe upya. Msimamizi aliweza kuuona mlolongo mrefu akautangaza kuwa mfupi, na neno lake likawa ndilo hesabu. Beyond, jarida la NCCK, lilipoyaeleza hayo lilipigwa marufuku, na mhariri wake akafungwa. Huo ndio uchaguzi uliomtoa Shikuku Bungeni.

Mlolongo ulifutwa Desemba 1990. Mwaka 1991 Shikuku alikuwa miongoni mwa waanzilishi sita wa FORD, na mwaka 1992, kwa kura ya siri, Butere ilimchagua tena, safari hii kwa tiketi ya FORD-Asili.

Hapo ndipo wenzetu wangependa tunyamaze. Mwaka 1997 Shikuku aligombea urais na ubunge kwa pamoja, kwa kuwa sheria ya wakati huo ilimtaka Rais awe mbunge wa kuchaguliwa, na Butere ikamnyima kura. Inauma, hatukatai. Lakini hatujawahi kuonyeshwa foleni iliyofupishwa wala agizo la kizuizini lililomwangusha safari hiyo. Na tukumbuke kwamba naye alikuwa na sehemu yake katika mgawanyiko wa 1992, Agip House huku na Muthithi House kule, uliomwezesha Moi kushinda kwa takriban asilimia 36 ya kura. Mpigakura aliyekasirishwa na hayo alikuwa na haki ya kukasirika, nasi ndio tuliomfundisha kwamba kura ni yake.

Vyama vinavyojiita vya mageuzi bado hugawa tiketi ofisini bila kupiga kura. Mgombea aliyenyimwa tiketi kwa njia hiyo na aje kwetu na stakabadhi zake, nasi tutamtetea. Aliyehesabiwa kura zake mbele ya mawakala wake wakatia sahihi, tutamshauri aende kuwashukuru waliompigia.