Mke Akifa, Nani Hufungua Mirathi Yake?

Mume akifa, hata matanga hayajaanuliwa ukoo umeshaitana. Muhtasari wa kikao unaandikwa, msimamizi anapendekezwa, na mjane anaulizwa hati ya nyumba iko wapi na benki kumebaki nini. Mke akifa, watu hutawanyika na mgane hubaki na kila kitu bila wa kumuuliza. Hili ni kosa, na watoto ndio wanaolilipia.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inasema ndoa yenyewe haihamishi umiliki wa mali. Kiwanja chenye jina la mke huhesabiwa chake hadi ithibitishwe vinginevyo; chenye majina yote mawili, huchukuliwa kuwa wanamiliki sawa kwa sawa. Akifariki, fungu lake ni mirathi. Kwa Waislamu hesabu iko wazi: mke akiacha watoto, mume hurithi robo, na baba na mama wa marehemu, wakiwa hai, kila mmoja hupata sudusi. Mgane anayekalia chote amekalia robo tatu za watu wengine.

Mambo huanzia kwenye simu. Mume anaijua namba ya siri ya mkewe, anatoa fedha za sanda na chakula cha msibani. Namwelewa, gharama za mazishi ni halali kulipwa na mirathi. Lakini mwezi unaofuata anatoa ada, kisha kodi ya pango, na hakuna kilichoandikwa. Wakati huohuo marehemu alikuwa na hisa kwenye kikoba, na pengine mkopo ambao wenzake wanaudai. Madeni hutangulia urithi. Tena huenda yupo mtoto aliyemzaa kabla ya ndoa hii, analelewa na bibi yake kijijini. Huyo ni mrithi kamili wa mama yake, na ndiye wa kwanza kusahauliwa.

Wajibu wa msimamizi haubagui mjane na mgane. Katika mahakama ya mwanzo, maombi hupelekwa kwa Fomu Na. 1. Akishateuliwa na kupewa Fomu Na. 4, ana miezi 4 kurejesha Fomu Na. 5 yenye orodha ya mali na madeni, kisha Na. 6 yenye hesabu kwa vipindi mahakama itakavyopanga. Katika mahakama za juu, orodha hutakiwa ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka.

Wapo wanaosema mali ni kidogo, mahakama ni usumbufu. Kweli, nauli na foleni humchosha mfiwa. Ila bila barua ya usimamizi benki haimpi akiba ya mkewe, na siku akioa tena, daftari lisilokuwepo ndilo litakalomgombanisha na wanawe. Hesabu iliyosainiwa inamlinda yeye kabla ya kumlinda mwingine yeyote.

Mahakama nazo zisisubiri malalamiko. Jalada lililopitisha miezi 4 bila orodha, msimamizi wake aitwe. Na kikao kile tunachomwekea mjane tumwekee mgane pia, ndugu wa marehemu wakiwamo, na bibi anayemlea yule mtoto apelekewe taarifa na nauli ya kufika.