Kabla ya kununua magari zaidi, tuangalie milango

MJADALA wa usafiri wa mijini unapozuka, wengi wetu hukimbilia idadi ya magari na mwendo wake. Ni nadra kumsikia mtu akiulizia milango. Kiuchumi hilo ni kosa, kwani muda mwingi hupotea gari likiwa limesimama kituoni.

Tujifunze kwa tramu, yaani treni za umeme zinazopita katika barabara za mijini. Nyingi za zamani zilikuwa na ngazi na milango myembamba, hivyo wazee na wenye mizigo walichelewesha foleni nzima. Mwaka 1994 jiji la Strasbourg, Ufaransa, lilianza kutumia tramu zenye sakafu ya chini kuanzia mbele hadi nyuma. Abiria huingia bila kupanda ngazi. Milango ni mipana na imesambazwa kwenye urefu wote wa tramu, na tiketi hugongwa kituoni kabla ya kupanda.

Faida yake ni hesabu ya kawaida. Tuchukue mfano wa gari linalosimama vituo 20 kwenda na 20 kurudi, kwa mzunguko wa dakika 80. Likiokoa sekunde 20 kila kituo, litaokoa dakika 13. Kwa siku ya saa 16, badala ya mizunguko 12 litafanya 14. Gari ni lile lile na dereva ni yule yule.

Mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, yaliyoanza mwaka 2016, yalifuata kanuni hiyo hiyo: jukwaa lililo sawa na sakafu ya basi, na nauli kulipwa kituoni. Lakini mlango mpana hausaidii iwapo wanaopanda wanawazuia wanaoshuka.

Tramu za kisasa pia huacha nafasi isiyo na viti karibu na mlango, kwa ajili ya viti vya magurudumu na vigari vya watoto. Nafasi kama hiyo ingemfaa mchuuzi mwenye mfuko wa mboga. Kwake, nusu saa ya kugombania mlango ni wateja waliokwisha kwenda meza ya jirani.

Kwa hiyo, wanaonunua magari kwa fedha za umma waulize kwanza: milango ni mingapi, ina upana gani, na mwenye mzigo atasimama wapi? Bei na mwendo vifuate baadaye.