Kivueni Choo Nguo

Nina ugomvi na kitu chenye manyoya. Unakijua, na pengine unacho. Kinauzwa seti ya vipande vitatu, vimekunjwa ndani ya nailoni inayong'aa: zulia lenye mkato wa nusu duara linalokumbatia sinki la choo kwa chini, zulia jingine la kukanyagia ukitoka kuoga, na kofia yenye lastiki ya kuvishwa kifuniko. Seti za gharama zina kipande cha nne, gauni la tangi la maji. Rangi ni zambarau, dhahabu au damu ya mzee. Wanaita mapambo, na ukimuuliza muuzaji pale Kariakoo atakuambia pia inasaidia usafi. Hilo la pili ndilo lililonikalisha chini niandike.

Nianze na mama, asije mtu akadhani namcheka. Mama alikulia Magomeni, kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba sita, kila chumba familia, na choo kimoja uani kwa wote. Alfajiri ilikuwa foleni. Unasimama na kopo lako mkononi, unasalimia wakubwa, unajifanya huna haraka. Anasema aibu haikuwa kusubiri. Aibu ilikuwa kila mtu kujua umeingia mara ngapi na umekaa muda gani. Basi baba alipomaliza kujenga Tabata, kukawa na choo cha ndani, cha kukaa, chenye marumaru nyeupe na mlango unaofungwa kwa ufunguo, mama alikivisha. Seti ya kwanza iliingia mwaka 2004, nikiwa darasa la tatu. Ilikuwa ya zambarau. Nakumbuka aliitandika, akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama kama mtu anayetazama picha ya harusi yake. Mtu aliyepanga foleni utoto wake wote ana haki ya kukipenda choo chake. Hapo sina neno.

Neno langu linaanzia kwenye kofia. Kofia ile ina unene. Ukikiinua kifuniko kilichovaa kofia, hakiegemei tangi sawasawa. Kinasimama wima, kinasita, kisha kinaanguka na kushuka na kile kikalio cha plastiki. Baba, wajomba, na kila mgeni wa kiume aliyepita kwetu walilazimika kukojoa huku mkono mmoja umezuia kifuniko. Mwanamume wa namna hiyo hana shabaha. Matone yanaanguka pembeni, na pembeni kuna nini? Zulia. Marumaru ingeyaonyesha, ukamwaga maji kata moja, yakaisha. Manyoya yanayapokea, yanayatunza, na juu yanabaki zambarau ileile. Kwa wiki nzima choo chetu kilionekana kisafi, huku kinanuka, na mama akawa ananunua dawa ya kunukia ili kupigana na harufu aliyoitandika mwenyewe.

Tazama pia vyoo vyetu vilivyo. Sakafu imeteremshwa kidogo kuelekea tundu la maji machafu. Ndoo ya kuogea iko humo humo. Sisi ni watu wa maji: tunatawaza kwa kopo, tunasuuza miguu, tunamwagia sakafu kabla ya kutoka. Zulia la manyoya linamfaa mtu anayemaliza shida zake kwa karatasi na kutoka mkavu. Ukilileta kwenye chumba ambacho sakafu yake ni bonde la maji, umetandika sponji. Masika yakikolea halikauki kabisa. Ukilikanyaga linatoa maji katikati ya vidole, ya uvuguvugu, na hutaki kujua ni maji gani.

Bibi yangu mzaa baba, kule Muheza, alikuwa na kifuniko cha choo ambacho mpaka leo sijaona cha kukishinda. Kilikuwa kipande cha ubao kilichochongwa kikalingana na tundu la shimo, na katikati kimepigiliwa mpini mrefu ili usiiname. Ukimaliza, unanyunyiza jivu, unarudisha ubao. Alikuwa akisema mambo hayo waliyasikia mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu walipokaa vikundi vikundi kuzunguka redio, wakisikiliza habari za maji, mbu na vyoo, kisha wakainuka kwenda kuchimba. Kile kifuniko hakikuwa na rangi. Kilikuwa na kazi moja: nzi aliyetua shimoni asije akatua kwenye wali. Na usisahau hata hicho hakifai kila mahali. Choo cha shimo chenye bomba la hewa lililowekewa wavu juu huachwa tundu wazi, kwa sababu hewa inapaswa kushuka shimoni na kupandia bombani, na nzi, anayefuata mwanga, anapanda nayo hadi kwenye wavu, anafia huko. Yaani kufunika au kutofunika ni suala la kazi. Unauliza: hiki kinazuia nini?

Choo cha kuflashi kina kifuniko chake tayari, na huwezi kukinunua Kariakoo. Ni maji. Mwaka 1775 fundi saa mmoja wa London, Alexander Cumming, alipata hati ya kumiliki choo chenye bomba lililopinda mithili ya herufi S, ili maji kidogo yabaki kwenye kona baada ya kila kuflashi. Maji hayo ndiyo yanayoizuia harufu ya shimo isirudi ndani ya nyumba. Chungulia sinki lako: kile kidimbwi unachokiona chini ndicho mlango. Kikikauka, hata ukikivisha choo suti na tai, nyumba itanuka.

Mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulipopungua na Dar es Salaam ikawekwa kwenye mgao wa maji, tulikuwa tunanunua kwa dumu. Nilikuja nyumbani wikiendi moja nikakuta ukutani chooni pamebandikwa karatasi, mwandiko wa mama: haja ndogo isimwagiwe maji mpaka wapite watu watatu. Nikatoka uani. Kwenye beseni kubwa kulikuwa na ndoo mbili za maji safi, na ndani yake, imelowekwa na sabuni ya unga, seti. Nilicheka kwanza. Kisha nikaacha, maana nilikumbuka mikono iliyokuwa ikiifua zamani.

Tulimwita Dada. Alitoka Singida, hajafika miaka 20, akaja kutulea mimi na wadogo zangu. Kila Jumamosi alifua seti kwa mikono. Zulia lile likilowa linakuwa zito kama mtoto. Alilikamua kwa kulizungusha kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia, analivuta kwa uzito wa mwili wake wote. Alichovua humo sitakuandikia. Kisha alilitandika upya, akafuta marumaru, akafunga mlango, na yeye akaenda choo cha nje.

Hakuna aliyemkataza cha ndani. Nyumba za watu wastaarabu hazikatazani mambo kama hayo. Mama alisema mara moja tu, wiki ya kwanza, kwa upole: "Hiki ni cha wageni, mwanangu, uwe unakitunza." Ikatosha. Cha nje kilikuwa karibu na geti, hakina taa. Saa nne usiku mlango wa grili ulifungwa na ufunguo ukaenda chumbani kwa wazazi. Kuanzia hapo Dada alikuwa na njia mbili: kumgongea mwenye nyumba usingizini ili akakojoe, au kubana mpaka alfajiri. Hukuhitaji kuuliza alichagua ipi. Na hatukuuliza.

Nikiwa kidato cha pili akaanza kuumwa. Homa, kiuno, anakwenda kukojoa anarudi anauma midomo. Nilitumwa nimsindikize zahanati. Daktari alipima, akasema ni yutiai, imeshapanda juu, kisha akamwuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huwa unabana mkojo?" Dada hakumtazama daktari. Alinitazama mimi. Akasema, "Hapana."

Nilikuwa na miaka 15. Nilijua jibu. Nikaangalia bango la chanjo ukutani.

Sasa njoo kwetu sisi, wasomi, tuliopanga vyumba vyetu Sinza na Mbezi na kudhani tumeyaacha ya mama zetu. Neno yutiai tunalo mdomoni kila siku. Hosteli chuoni ndilo lililokuwa jini letu. Mshukiwa tulishamkamata bila kesi: sinki la choo. Ndiyo maana kwenye pochi kuna vifuniko vya karatasi vya kutumia na kutupa, kuna kichupa cha kupulizia, na pasipo hivyo tunachuchumaa hewani, magoti yanatetemeka, tunanyunyizia kikalio ili anayefuata naye asiweze kukaa. Lakini bakteria wanaoleta ugonjwa huo kwa sehemu kubwa ni wa kwetu wenyewe, wanaoishi utumboni mwetu, wanaosafiri ule mwendo mfupi kutoka nyuma kuja mbele. Kubana mkojo kunawapa muda wa kuzaliana. Kukojoa umening'inia, misuli imekaza, kunaweza kuacha kibofu hakijaisha. Sinki linasingiziwa. Tumelivisha karatasi, tumelivisha manyoya, na kilichokuwa kinamuumiza mtu nyumbani kwetu kilikuwa ufunguo wa grili.

Rafiki yangu mmoja, nilipomsomea haya, alinijia juu. Unataka maskini waishi bila uzuri, akasema. Unataka vyoo vya hospitali. Hapana. Nenda Gede, karibu na Malindi, utembee katika magofu ya mji ulioachwa tangu karne ya 17. Vyoo vimo, ndani ya nyumba, vya mawe. Watu wa mwambao huu walijua kujenga mahali pa haja pakawa na heshima yake karne nyingi kabla lastiki haijaja mjini, na walitumia vitu ambavyo maji ni rafiki yao: jiwe la matumbawe na chokaa. Uzuri wa chooni ni ule unaoweza kumwagiwa ndoo. Marumaru ya rangi. Dirisha lililo juu, jua likaingia saa nne asubuhi. Taa inayowaka. Ndoa yenye kudumu ya kopo na ndoo. Weka hata ua, kama una sufuria ya plastiki ya kulipandia. Na brashi, jamani. Nimeingia katika nyumba ambazo sinki limevaa vipande vinne na brashi ya choo haipo. Ukiuliza unaambiwa binti anajua anavyosafisha.

Hapo ndipo hasira yangu inapokaa. Vifuniko hivi havizuii uchafu, vinauhamisha. Vinautoa machoni pa mgeni na kuupeleka kwenye beseni la Jumamosi, mikononi mwa mtu ambaye hakukaa juu ya sinki lile hata siku moja. Baba hajawahi kuifua ile seti. Mimi sijawahi. Mama alikuwa anaichagua, anainunua, anaitandika siku ya kwanza, na siku ya kwanza ndiyo pekee iliyokuwa safi. Nikimwambia hivyo leo ananyamaza kidogo, kisha ananiuliza kama nimesahau kwamba yeye ndiye aliyemlipia Dada dawa. Sijasahau. Ni kweli alilipa, na alilala zahanati naye usiku mzima, juu ya kiti.

Mimi mwenyewe siko msafi katika kesi hii. Miaka kadhaa baadaye Dada alipata mchumba, na mama, aliyempenda kweli, akamfanyia kicheni pati pale pale Tabata. Nilikuwa chuo, mwaka wa kwanza, mkopo umeingia. Nilipita Kariakoo nikiwa na haraka, nikitafuta kitu kinachoonekana kikubwa kikifungwa kwenye karatasi ya zawadi. Nikanunua vipande vinne, rangi ya damu ya mzee. Wanawake walipiga vigelegele kilipofunguliwa. Dada alikumbatia lile furushi, akalia.

Mwaka jana nilikwenda kumtembelea Kibaha. Wamejenga pole pole, vyumba vitatu, plasta bado upande mmoja. Ana watoto wawili, na binti wa kumsaidia kazi aliyemtoa kwao Singida. "Shikamoo, Dada," nikamwambia, akaitikia na kunishika mashavu kama zamani. Tulikula, tukacheka sana, kisha nikamwomba choo.

Alinipeleka mwenyewe. Kiko ndani, mwisho wa korido. Akafungua mlango, akawasha taa, na pale sinki lilikuwa limevaa nguo zangu zote nne, rangi imepauka kidogo, manyoya yamechanwa yakasimama. Yule binti alikuja nyuma yetu na ndoo ya maji ya kutumia mimi, akaiweka kizingitini, hakuingia.

"Hiki cha wageni," Dada akasema. "Sisi tunakwenda cha nje."

Nikamwambia, basi na mimi naomba niende cha nje.

"Acha utani, mdogo wangu," akasema. "Ilifuliwa jana, kwa ajili yako."