Ngoma za Masakta Si za Kupokelea Wageni Tu

Wananchi wa Masakta, kama wenzao wa kata nyingine za Hanang na Mbulu, wana kazi moja wasiyolipwa. Mkubwa akija, kikundi cha ngoma huitwa. Hutakiwa kufika mapema, wamevaa tayari, nao husimama juani mpaka vumbi la magari lionekane barabarani. Mkubwa hushuka, hupunga mkono, pengine hucheza hatua mbili tatu ili apigwe picha. Kisha hotuba huanza na wachezaji huambiwa wasogee pembeni. Jioni hupewa soda, wakarudi makwao kwa miguu. Katika ratiba jambo hili huitwa burudani, nalo hutengewa dakika kumi.

Mikutano hiyo mara nyingi twaiandaa sisi wanachama wenyewe. Kwa hiyo lawama hii naianzia nyumbani.

Si kwamba Chama hakikujua thamani ya utamaduni. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 1962 alipokuwa Rais wa Jamhuri, alisikitika kwamba Waafrika waliosoma waliona fahari kucheza rumba, chachacha na twisti, na ngoma za wazee wao hata majina hawakuyajua. Akaunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Baadaye kikaundwa kikundi cha ngoma cha Taifa, na sindimba ya Wamakonde ikatoka kusini ikafika katika viwanja vya shule nchi nzima. Lilikuwa jambo jema. Lakini toka wakati ule tulishika desturi ya kuichukua ngoma kwa wenyewe na kuipeleka mbele ya wakubwa, na desturi hiyo hatujaiacha.

Tena tulikuwa vigeugeu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ilifanya operesheni ya kuwalazimisha Wamasai waache mavazi yao wavae suruali na magauni, ati wanalitia Taifa aibu. Leo kamati ikiandaa tamasha, vazi lilelile la kimasai ndilo la kwanza kuombwa. Mtu aliyefukuzwa kwa ajili ya shuka yake jana, na leo akabembelezwa aivae, ana haki ya kutuuliza tunataka nini hasa.

Na katika nchi hii, ni wapi penye hazina kuliko Mbulu na Hanang? Chini ya mlima Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400, wanaishi Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, na Wabarabaig. Kando yao wapo Wanyaturu na Wanyiramba, na upande wa ziwa Eyasi wapo Wahadzabe. Wataalamu wa lugha huja kutoka mbali kuona jambo ambalo kwetu ni la kila siku mnadani, yaani lugha za jamaa nne kubwa za Afrika zikikutana mahali pamoja: Wakushi, Waniloti, Wabantu, na jamaa ile yenye vidoko. Haydom wamekwisha anzisha kituo cha utamaduni kwa ajili ya pembe nne hizo.

Wairaqw wana slufay. Mzee huomba kwa maneno ya mafumbo yaliyopangwa vizuri, akiombea mvua, mifugo, watoto na amani, na waliokaa humwitikia. Mashairi haya hayakuandikwa kwa wino, na mzee ayajuaye sana akifa huenda nayo. Kwa Wabarabaig vijana huruka juu, wima kama mkuki, na wasichana katika mavazi yao ya ngozi huwakabili wakiruka nao. Hapana mtu awezaye kuonyesha uzuri wa mambo haya kwa dakika kumi, mkuu wa itifaki akiangalia saa.

Yapo yaliyokwisha potea. Katika unyago wa wasichana wa Kiiraqw, ulioitwa marmo, msichana alitoka na sketi ya ngozi iliyotiwa shanga kwa kazi ya miezi mingi. Marmo ilikomeshwa wakati wa mkoloni, na sketi zile leo zinatunzwa katika makumbusho za Ulaya na Marekani. Sisemi unyago ule urudi, hilo ni la wanawake wenyewe kuamua. Nasema tu kwamba mjukuu wa fundi aliyetia zile shanga hana nauli ya kwenda kuziona.

Zamani hizi serikali imejitahidi. Tamasha la Utamaduni la Kitaifa lilifanyika Njombe mwaka 2023 na Songea mwaka 2024, na hili ni la kushukuriwa. Lakini lori moja la wachezaji kwenda Songea haliwezi kuwa ndio utamaduni wa Hanang. Waliobaki Masakta wataona nini? Wataona picha katika simu.

Tutazame Wasukuma. Pale Bujora, karibu na Mwanza, kila mwaka mwezi wa Juni hufanyika Bulabo. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo vimeshindana toka enzi za babu zao, hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Hapana meza ya waamuzi. Watazamaji huenda wanakovutiwa, na chama chenye umati mkubwa ndicho kilichoshinda. Kwa hiyo mchezaji hubuni kila mwaka, maana asipobuni atabaki peke yake uwanjani. Mwaka 2021 Rais Samia alikwenda Kisesa kwa Wasukuma na machifu wakampa jina la Hangaya. Alipoondoka, ngoma za Wasukuma ziliendelea, kwa sababu hazikuanzishwa kwa ajili yake.

Watu wa Mbulu wanafahamu sana habari za kuamua wenyewe. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 katika 71, na kiti kimoja kilichokosekana kilikuwa cha Mbulu. Herman Sarwatt, mwana TANU aliyesimama peke yake, alimshinda Chifu Amri Dodo aliyeteuliwa na Chama. Hawakuikataa TANU, walikataa kuchaguliwa mtu. Ikiwa waliweza kupima mbunge, ngoma itawashinda?

Wako watakaosema haya ni kuchochea ukabila. Ukabila haukuletwa na ngoma. Kule Basotu, mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO, yaliyopata msaada wa Kanada, yalichukua karibu ekari 100,000 za malisho ya Wabarabaig, na baadhi ya makaburi ya wazee wao yakapitiwa na matrekta. Yale ni makaburi ya bung'ed, maziko ya heshima ambayo sherehe zake huchukua miezi, watu wakija kutoka mbali kuimba sifa za marehemu. Hasira iliyobaki pale haikutoka katika wimbo. Na jirani akikaa kumsikiliza jirani yake akiimba tangu asubuhi hata jioni, atamjua zaidi kuliko kwa hotuba zetu za umoja, nami nimezitoa nyingi.

Basi yafaa Masakta iwe na siku yake ya ngoma, baada ya mavuno, wakati mahindi yapo ndani na watu wana nafasi. Mgeni rasmi asiwepo. Mbunge akipenda aje, akae chini na wengine. Wazee wa Kiiraqw na wa Kibarabaig wakutane na Afisa Utamaduni wa wilaya wapange wao nani aanze. Walimu wawalete wanafunzi wenye daftari, waandike slufay kwa lugha yake na kwa Kiswahili. Vijana wanaopenda muziki wa spika wapewe usiku wao, sina ugomvi nao, ila mchana spika zizimwe.

Zawadi isiwe kikombe cha bati kitakachofungiwa katika kabati la ofisi. Iwe mtamba, na fedha za kumnunua tuchange sisi wanachama wa matawi, kama tunavyochanga mafuta ya magari ya misafara.