Bosi aliyetaka ofisi yake ifutwe

Wadau, kuna bosi gani mnayemjua aliyepewa ofisi ya serikali halafu akapigania ifutwe? Mimi namjua mmoja, Alfred Kahn wa Marekani, aliyefariki mwaka 2010.

Jamaa alikuwa profesa wa uchumi Chuo Kikuu cha Cornell. Mwaka 1974 akaenda kuongoza tume ya jimbo la New York inayosimamia umeme na simu. Mwaka 1977 Rais Carter akamkabidhi CAB, bodi iliyosimamia biashara ya usafiri wa anga.

Sasa hiyo CAB ilikuwa balaa. Tangu 1938 serikali ndiyo iliyopanga kampuni gani iruke wapi na kwa nauli gani, na kwa miaka 40 hakuna kampuni mpya kubwa iliyoruhusiwa kuingia njia kuu. Ukitaka kushusha nauli unaomba kibali, yaani unaomba ruhusa ya kumpunguzia abiria! Lakini ndani ya Texas, ambako CAB haikuwa na mamlaka, Southwest ilianza kuruka 1971 kwa nauli za chini kabisa na bado ikapata faida. Hapo wabishi walikosa la kusema.

Kahn hakungoja sheria. Akaanza kuruhusu nauli za punguzo, na akawaambia wanasheria wake waache kuandika lugha ngumu isiyoeleweka na mtu (hili peke yake lingenitosha nimpende). Sheria ikasainiwa Oktoba 24, 1978, na CAB ikafa rasmi Januari 1, 1985. Ukaguzi wa usalama haukuguswa, ulibaki kwa FAA. Hapo watu wengi huchanganya.

Je, alipatia? Nauli zilishuka na watu wa kawaida wakapanda ndege. Ila Braniff ilianguka 1982, Eastern na Pan Am zikafa 1991, na wafanyakazi wengi wakakatwa mishahara au kupoteza kazi. Halafu mwaka 1986 serikali ikaruhusu kampuni kumezana: TWA ikaichukua Ozark, Northwest ikaichukua Republic. Kahn mwenyewe alilalamikia hilo. Kwa maoni yangu ana haki nusu tu. Ukifungua mlango lazima ujue na wakubwa watapita humohumo.

Hapa Bongo nauli ya daladala inapangwa na LATRA, iliyoipokea SUMATRA mwaka 2019. Wapo wanaotaka tumuige Kahn, kila mtu atoze anavyotaka. Dawa ya Kahn inafanya kazi pale mpinzani anapoweza kuingia haraka, anayepandisha bei akaogopa kunyang'anywa abiria. Haya, saa mbili usiku, mvua inanyesha, daladala ya Mbagala imebaki moja na konda anataja bei mara tatu. Mpinzani wake atatokea saa ngapi?