TAMKO LA TAWI: TUKARABATI NYUMBA ZETU, TUSISOGEE KWENYE MIKOKO



Wiki hii simu za viongozi wa tawi hazikupumzika. Wanachama wanauliza jambo moja: nyumba za kule chini, zinazopakana na mikoko, zitaruhusiwa kufanyiwa matengenezo au hazitaruhusiwa? Jumamosi saa nne asubuhi kuna mkutano wa mtaa, na maafisa wa mipango miji watakuja kuchukua maoni ya wananchi. Kamati ya Utendaji ya Tawi ilikaa jana jioni hadi usiku. Tunawaletea msimamo wetu na sababu zake. Tafadhali usome wote kabla ya kujibu au kusambaza.

*Tatizo lenyewe*

Nyumba nyingi za kule chini zilijengwa kabla mtaa huu haujawa na mchoro wowote. Zilijengwa na wavuvi, mafundi majahazi na akina mama wa kukaanga samaki. Baadaye ikaja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ambayo kifungu cha 57 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa au ukingo wa mto. Ikaja Sheria ya Mipango Miji ya 2007, inayosema hakuna kuendeleza ardhi ndani ya eneo la mipango bila idhini ya mamlaka ya upangaji, yaani halmashauri. Mikoko yenyewe ni msitu wa hifadhi wa Serikali tangu enzi za mkoloni.

Kwa hiyo nyumba ilikuwepo, sheria ikaikuta. Mwenye nyumba hakuvamia, lakini leo nyumba yake haiendani na mpango. Anapotaka kubadilisha bati lililooza anaambiwa hapati kibali. Akianza bila kibali, asubuhi anakuta alama ya X nyekundu ukutani.

Mnamfahamu bibi yetu mmoja ambaye mwaka jana mvua za masika zilimkuta chini ya turubai. Aliomba kibali cha kuezeka upya vyumba viwili, juu ya kuta zilezile. Hakujibiwa ndiyo wala hapana. Miezi hiyohiyo, hatua chache kutoka kwake, malori yalimwaga kifusi usiku, ukuta ukapanda, na mahali palipokuwa na michu leo pana maegesho ya magari. Huyo hakupigwa X.

Hapo ndipo uchungu wa watu ulipo, na tawi linaukubali kuwa ni wa haki.

*Lakini tuseme na upande wa pili*

Ndugu wanachama, tusijidanganye. Mikoko si pori la kupotezea muda. Mizizi yake inashika tope, inavunja nguvu ya mawimbi, na ndani yake kamba na samaki wachanga wanakulia. Kila mwenye ngalawa hapa anajua kuwa mkoko ukiisha, nyavu zinarudi nyepesi. Wazee wa mtaa huu wanakumbuka maji ya bamvua yalikuwa yanaishia wapi. Leo yanafika mlangoni kwa watu, na hayafiki kwa bahati mbaya. Yanapita pale tulipokata na pale tulipojaza kifusi.

Tuseme pia kwamba si kila anayeomba kukarabati anakarabati. Tunajua mchezo. Mtu anaomba kuziba ufa, anaongeza chumba. Chumba kinakuwa vyumba vinne vya kupangisha. Kisha choo, kisha ukuta wa uzio, kisha lori la kifusi ili uzio usisombwe. Kwa miaka kumi nyumba imetembea hatua thelathini kuelekea baharini, na kila hatua iliitwa ukarabati. Wengine waliofanya hivyo ni wanachama wa tawi hili. Wana kadi, wana sare, na mikutanoni wanakaa mbele.

*Tulijifunza nini Msimbazi*

Wapo wanaosema tunyamaze, halmashauri ikisahau tutajenga tu. Tukumbuke Bonde la Msimbazi. Watu walijenga bondeni kwa miaka mingi huku mipango ya jiji ikisema bonde lisijengwe. Wengine walilipa kodi, wakaingiziwa umeme, wakaamini wamekubalika. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40, na familia zikapelekwa Mabwepande. Desemba 2015 zikaja X na tingatinga. Ukimya wa mamlaka haukuwa ruhusa. Ulikuwa deni, na aliyelilipa ni mwananchi.

Wapo kwa upande mwingine wanaosema dawa ni kuondoa kila mtu. Nao wakumbuke kwamba Januari 2019 Rais John Magufuli aliagiza kusitishwa kuondolewa kwa vijiji vilivyoonekana kuwa ndani ya hifadhi, na mawaziri wa sekta husika wakapewa kazi ya kupendekeza namna ya kumaliza migogoro hiyo. Maana yake nini? Kwamba nchi hii imewahi kukiri kuwa mtu na hifadhi wanaweza kuwekewa mpaka, na si lazima kila mgogoro uishe kwa kubomoa.

*Msimamo wa tawi*

Baada ya mjadala mrefu, na si wote tulianza tukiwa upande mmoja, Kamati imekubaliana kwamba swali sahihi si nyumba ni ya nani. Swali ni: badiliko hili linaisogeza nyumba karibu na mikoko, au haliisogezi? Linaongeza mzigo kwenye hifadhi, au linaupunguza? Kwa msingi huo, Jumamosi tutaomba mambo matano:

1. *Ukarabati uruhusiwe kwa maandishi.* Paa, sakafu, milango, kuta zilizopasuka, juu ya msingi uleule na kwa ukubwa uleule. Kumkatalia mtu bati hakuotezi mkoko hata mmoja. Kunampa tu kifua na nyumba ya kumwangukia.

2. *Upanuzi usiruhusiwe kuelekea mikoko.* Si chumba, si baraza, si uzio, si kifusi. Hili liwe kwa wote. Mwenye nafasi upande wa barabara aombe kibali, maombi yake yaangaliwe kwa vigezo vilivyoandikwa.

3. *Vyoo vipewe kipaumbele.* Leo mwenye choo cha shimo kinachofurika wakati wa bamvua anakatazwa kukihamisha kwa sababu ni ujenzi mpya. Matokeo yake uchafu unaingia moja kwa moja kwenye mikoko ambayo katazo lilikusudia kuilinda. Kuhamisha choo kwenda upande wa juu kuruhusiwe haraka.

4. *Nyumba zilizopo ziorodheshwe na kupimwa sasa.* Kila nyumba ipigwe picha, ipimwe, iandikwe, na mwenye nyumba apewe nakala. Bila orodha, kila mtu atasema chumba chake kilikuwepo tangu zamani, na kila afisa atasema hakikuwepo. Anayejua kipimo ndiye anayeweza kulinda mpaka.

5. *Maombi yajibiwe.* Kama ni hapana, iwe hapana yenye sababu na kifungu, ili mtu ajue pa kukata rufaa. Ombi lisilojibiwa ndilo linalofungua mlango wa bahasha.

*Kwa nini hatuombi zaidi*

Baadhi yenu mtasema tawi limekuwa laini. Kwamba tungedai vibali kwa wote, maana uchaguzi hauko mbali na kura za kule chini ni nyingi. Tumelitafakari. Tukidai vibali vya upanuzi kwa wote, atakayefaidika wa kwanza ni mwenye lori la kifusi, si yule bibi mwenye turubai. Bibi hana fedha za kupanua. Mwenye fedha atajenga mbele yake, ataziba upepo, atageuza maji, na bamvua itakayofuata itaingia kwa bibi. Huo si utetezi wa wanyonge hata kama tutauita hivyo jukwaani.

Wengine mtasema tumekuwa wakali, kwamba mtu na kiwanja chake. Katiba yetu ibara ya 24 inalinda haki ya kumiliki mali, na inataka fidia ya haki kwa anayenyang'anywa. Tutaisimamia hiyo siku yoyote mtu atakapoambiwa aondoke mikono mitupu. Lakini Katiba hiyohiyo, ibara ya 27, inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili. Na ibara ya 13 inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Hatuwezi kuchagua ibara moja tunayoipenda na kuziacha nyingine.

*Jambo letu la ndani*

Hili ni zito na tumeamua kulisema wazi. Katika mwezi mmoja uliopita viongozi wa tawi wamefuatwa na wanachama wanaotaka "tuongee na watu" ili kibali chao kipite. Kuanzia leo tawi halitapeleka ombi la mtu mmoja mmoja la kupindisha utaratibu. Tutamsaidia mwanachama, na asiye mwanachama, kuandika barua, kujaza fomu na kufuatilia majibu. Hatutampigia afisa simu ya pembeni. Kadi ya chama si kibali cha ujenzi.

Na kwa ndugu zetu waliokwisha kumwaga kifusi ndani ya mikoko: mnajijua, na majirani wanawajua. Hatutawataja humu, maana kundi hili si mahakama. Tunawaomba mkutane na Mwenyekiti wa Tawi kabla ya Jumamosi. Tutakwenda kuomba sheria iwe moja kwa wote, na swali la kwanza tutakaloulizwa ni lenu. Ni heri tulijibu tukiwa tumekwisha kuanza kukitoa kifusi. La sivyo tutakuwa tunatetea mita 60 za wengine na kula za kwetu.

*Mnachotakiwa kufanya*

✅ Fikeni Jumamosi, saa nne kamili, ofisi ya mtaa. Akina mama wa kule chini waje mapema wakae mbele, maana jambo ni lao.
✅ Njoo na karatasi yoyote uliyonayo: risiti ya kodi ya jengo, barua ya mauziano, picha ya zamani ya nyumba. Nakala, si halisi.
✅ Ukipewa nafasi, sema nyumba yako ilijengwa lini, ina vyumba vingapi, na unaomba nini hasa. Maneno machache yatakayoandikwa kwenye muhtasari ni bora kuliko hotuba.
✅ Msisitize muhtasari usomwe kabla ya mkutano kufungwa. Maoni ambayo hayakuandikwa ni kama hayakutolewa, na Diwani hawezi kuyapeleka kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira.
❌ Asije mtu kutukana maafisa. Wamekuja kusikiliza.
❌ Asianze mtu ujenzi wowote wiki hii kwa kisingizio cha kuwahi.

Ndugu wanachama, maji ya bahari hayasomi mchoro wala hayaangalii kadi. Tunataka yule bibi aezeke nyumba yake kabla ya masika, na tunataka wajukuu zake wakute mikoko. Yote mawili yanawezekana ikiwa mpaka utaandikwa na kila mmoja wetu akaukubali, kuanzia sisi viongozi.

Viongozi wa mashina, hakikisheni ujumbe huu unasomwa kwa wasio na simu za kupokea ujumbe huu.

Tukutane Jumamosi.

_Imetolewa na Katibu Mwenezi, kwa niaba ya Kamati ya Utendaji ya Tawi._