Shaka Ipi? Kiswahili cha Hukumu na Wajibu wa Wanaisimu katika Mahakama za Mwambao wa Ziwa Viktoria

Tarehe 1 Februari 2021, katika maadhimisho ya Siku ya Sheria yaliyofanyika Dodoma, Rais John Pombe Magufuli alitangaza kumpandisha Jaji Zephrine Galeba kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani. Sababu aliyoieleza hadharani ni kwamba jaji huyo, akiwa katika kituo cha Musoma, aliandika kwa Kiswahili uamuzi wa shauri lililouhusu mgodi wa dhahabu wa North Mara. Katika mwaka huohuo Bunge lilitunga Sheria Na. 1 ya mwaka 2021, iliyoirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na lugha ya mahakama, mabaraza na vyombo vingine vya utoaji haki. Mwaka uliofuata zikatoka kanuni zilizoeleza mazingira ambamo Kiingereza kinaweza kuendelea kutumika. Yafaa ikumbukwe kwamba vuguvugu hili lilipata mfano wake katika mji wa mwambao wa Ziwa Viktoria, mbali na Dar es Salaam ambako istilahi za Kiswahili zimezoea kutungwa.

Tangu hapo mjadala miongoni mwa mawakili na wasomi umekuwa wa kuuliza kama Kiswahili kinaweza au hakiwezi. Swali hilo limepitwa na wakati. Mahakama za mwanzo, zilizoundwa chini ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963, zimeandika mashauri kwa Kiswahili kwa zaidi ya nusu karne: wizi, talaka, mirathi, mipaka ya mashamba, ng'ombe waliokula mtama wa jirani. Mtu anayedai kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kubeba sheria hajapata kufungua jalada la mahakama ya mwanzo ya Magu au Sengerema. Swali linalostahili kuulizwa ni jingine: je, Kiswahili kinachoandikwa sasa katika ngazi za juu kinasema kile ambacho sheria inasema?

Mfano mmoja unatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inataka upande wa mashtaka katika shauri la jinai uthibitishe kosa kwa kiwango ambacho Kiingereza hukieleza kwa kutaja shaka inayoweza kuingia akilini mwa mtu mwenye busara. Kivumishi hicho cha busara ndicho roho ya kanuni yenyewe. Jaji Denning, katika shauri maarufu la Miller dhidi ya Waziri wa Pensheni la mwaka 1947, alieleza wazi kwamba kiwango hicho hakidai uhakika kamili, na kwamba sheria ingeshindwa kuilinda jamii kama ingeruhusu dhana za kubuni tu kuupotosha mkondo wa haki. Sasa itazamwe tafsiri ambayo imezoeleka mahakamani, magazetini na hata katika mihadhara: "pasipo kuacha shaka yoyote".

Kisarufi, "yoyote" haibagui. Inajumuisha shaka kubwa na ndogo, ya maana na ya kipuuzi, ya mwenye busara na ya mbishi. Msemo huo ukichukuliwa kama ulivyo, hakuna mshtakiwa hata mmoja anayeweza kutiwa hatiani, kwa kuwa hakuna jambo la kibinadamu lisiloweza kutiliwa shaka ya aina fulani. Mtu angeweza kudhani kwamba kosa hili la tafsiri linamfaidi mshtakiwa. Kwa kweli linamdhuru. Kipimo kisichoweza kufikiwa hakitumiwi kupimia. Hubaki kuwa maneno ya heshima yanayoandikwa mwishoni mwa hukumu baada ya hakimu kukwisha kuamua kwa njia nyingine. Wakili anayekata rufaa naye hukosa pa kushika, kwa sababu hukumu haikusema ni shaka gani ilizingatiwa na ni ipi iliyotupwa, wala kwa nini. Wapo wanaoandika "shaka ya msingi" au "shaka yenye mashiko". La kwanza lina nafuu, ingawa "msingi" unaelekeza zaidi kwenye chanzo cha shaka kuliko kwenye busara ya anayeshuku. La pili lina ladha ya lugha ya wanasiasa. "Shaka ya mtu mwenye busara" ni ndefu, lakini urefu si dosari katika hati ambayo mtu anaweza kufungwa kwayo maisha.

Tatizo la pili ni la istilahi mbili zinazogombea uwanja mmoja wa maana. Mahakama inaweza kuitazama tena hukumu yake yenyewe kwa sababu chache zilizotajwa na sheria. Na mahakama ya juu inaweza kuita jalada la mahakama ya chini ili kukagua uhalali wa mwenendo wake. Hizi ni njia mbili zenye masharti tofauti na muda tofauti. Katika Kiswahili yapo maneno "mapitio" na "marejeo", na kwa mzungumzaji wa kawaida yote mawili yana maana ya kulirudia jambo na kulitazama tena. Hakuna chochote katika maumbo yake kinachomwambia mteja, wala wakili kijana, lipi ni la mahakama ileile na lipi ni la mahakama ya juu. Wakili mwangalifu afanye nini? Wakati istilahi hazijatulia, ataje kifungu cha sheria anachokitegemea katika kichwa cha maombi, kisha aeleze kwa sentensi moja ni mahakama ipi inaombwa kutazama uamuzi wa nani. Kinga hii ni ndogo, lakini inazuia maombi kutupwa kwa sababu ya jina.

Hata hivyo ingekuwa upotoshaji kuonyesha kana kwamba hatari iko upande wa Kiswahili peke yake. Kwa miongo mingi shahidi katika mahakama ya wilaya alisema kwa Kiswahili, na hakimu akaandika kwa Kiingereza, akifasiri papo hapo, kwa mkono, huku akimtazama shahidi. Kiswahili hakitofautishi jinsi katika viambishi vya nafsi. "Alimpiga" haisemi kama aliyepiga ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza kilimlazimisha hakimu kuchagua. "Ndugu" katika shauri la mirathi la Ukerewe anaweza kuwa wa tumbo moja, mtoto wa baba mdogo, au mtu wa ukoo tu. Kumbukumbu ya Kiingereza ikamfanya kaka, na kaka huyo akapanda hadi Mahakama ya Rufani bila mtu yeyote kuweza kumshusha. Majaji wa rufaa walisoma maneno ambayo shahidi hakuyasema. Katika hili mabadiliko ya mwaka 2021 ni ushindi wa haki kuliko ushindi wa lugha.

Uvuvi unatoa mifano mizuri zaidi, na ni ajabu kwamba wanaisimu hawajaushughulikia. Katika operesheni iliyopewa jina la Sangara mwaka 2018, zana nyingi zilikamatwa na watu wengi wakashtakiwa chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Sheria hiyo na kanuni zake zilitungwa kwa Kiingereza, zikitaja aina za nyavu kwa namna ya kitaalamu. Mvuvi wa ziwani anazo "kokoro", "timba", "nyavu za dagaa", na kila jina lina mipaka ambayo yeye na wenzake wanaifahamu bila kufundishwa. Hati ya mashtaka inayotumia maelezo marefu yaliyofasiriwa kutoka kwenye kanuni inaweza kumfanya mshtakiwa akubali kosa la kumiliki kitu asichokitambua, au akane kitu alichonacho mkononi. Hata neno la kawaida kama "tundu" lina utata: mvuvi anaposema wavu una matundu makubwa, je, anaeleza ukubwa wa macho ya wavu, jambo ambalo ndilo kiini cha shtaka, au anasema wavu umechanika? Wavuvi wenyewe hutofautisha kwa muktadha. Karatasi haina muktadha. Wakili wa utetezi asiyeliuliza swali hilo wakati shahidi yuko kizimbani hatapata nafasi nyingine.

Yapo pia masuala ya viapo. Mchuuzi wa samaki wa Mwaloni Kirumba anapoapa kwa hati iliyoandikwa Kiingereza, anaapa kwa maneno ya wakili wake, na usalama wake uko katika uaminifu wa aliyemsomea. Kwa kuwa sasa hakuna sababu ya kisheria ya kufanya hivyo katika mashauri ya kawaida, mazoea haya yafaa yakome. Lakini hati ya Kiswahili isiandikwe kwa Kiingereza kwanza kisha ikageuzwa. Sentensi za namna hiyo hutambulika upesi kwa vishazi vilivyorundikana na kwa yambwa zilizopotea njiani. Wakili amsikilize mwapaji, aandike alichosema, halafu ndipo akipange kisheria.

Lawama ni ya nani? Ni rahisi kuwalaumu mawakili kwa kung'ang'ania Kiingereza, na kweli hukumu nyingi za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinazochapishwa bado ziko katika lugha hiyo. Lakini wakili amefundishwa sheria kwa Kiingereza, vitabu vyake ni vya Kiingereza, na maamuzi anayopaswa kuyafuata, tangu Mahakama Kuu ilipoanza kazi miaka mia moja iliyopita, ni ya Kiingereza. Mwaka 2021 huohuo mawakili waliruhusiwa kufika mbele ya mahakama za mwanzo zinazoongozwa na mahakimu wakazi, na wengi wakagundua kwamba karani wa hapo anakijua Kiswahili cha sheria kuliko wao. Wanaisimu ndio wenye deni kubwa zaidi. Orodha ya istilahi za sheria ya A. B. Weston ilitoka mwaka 1968, Baraza la Kiswahili la Taifa likiwa na umri wa mwaka mmoja, na kazi zilizofuata zimekuwa kwa sehemu kubwa ni za kupanga neno la Kiswahili mbele ya neno la Kiingereza. Orodha ya namna hiyo humpa msomaji kisawe, haimpi mpaka wa maana. Haimwambii kwamba "shaka yoyote" inabadilisha sheria.

Sasa Mahakama imeanza kutumia mifumo ya kompyuta ya kunukuu na kufasiri mwenendo wa mashauri. Mashine hujifunza kutokana na maandishi inayopewa. Ikilishwa tafsiri zilizozoeleka, itazisambaza kwa kasi ambayo hakimu wa zamani mwenye kalamu asingeiweza, na makosa yake yatakuwa na sura ya usanifu.

Lipo hata hivyo hazina moja ambalo idara za Kiswahili zingeweza kuanza nalo bila kungoja kamati. Ni majalada ya mahakama za mwanzo za Nyamagana, Ilemela, Magu, Sengerema na Ukerewe. Humo mahakimu, wazee wa baraza na makarani walibuni, bila kusaidiwa na chuo kikuu chochote, njia za kusema dai, ushahidi, nia na fidia. Mwanafunzi wa uzamili aliyepata kibali cha Mahakama, na aliye tayari kuficha majina ya wahusika, angeweza kutoka humo na tasnifu yenye manufaa kuliko uchambuzi mwingine wa viambishi. Majalada hayo ni ya karatasi, na mengi yamewekwa katika vyumba visivyo na kinga dhidi ya mchwa na unyevu wa ziwa.